MOTOKAA YA UMEME NA BETRI YAKE NDOGO

Jambo moja la ajabu huwapata watu wenye motokaa za umeme. Usiku mtu amelijaza gari lake umeme, na betri kubwa iliyo chini ya sakafu ina nguvu ya kwenda kilomita mia na zaidi. Asubuhi anabonyeza kitufe cha kuwashia, gari kimya. Taa za mbele ya dereva zinapepesa kidogo, kisha zinazimika. Milango nayo inakataa kufunguka kwa kitufe. Anachomeka waya wa kuchajia ukutani, gari halipokei umeme. Fundi anaitwa, anatazama, anasema, "Betri imekwisha." Mwenye gari anabisha, "Imekwishaje, nami niliijaza jana?"

Wote wawili wanasema kweli. Betri iliyojaa ni ile kubwa, na iliyokwisha ni ile ndogo. Wengi hawajui kabisa kwamba motokaa ya umeme ina betri mbili. Basi leo na tuitazame hiyo ndogo: kazi yake, sababu za kuishiwa, na namna ya kuitunza ili isitutupe njiani.

Msomaji mpenzi, usiseme kwamba habari hii ni ya matajiri wa mijini tu. Mwaka 2024 nchi ya Ethiopia ilikataza kuingizwa kwa motokaa za petroli na dizeli, na sasa inaleta za umeme. Nchini Kenya watu hununua motokaa za Nissan Leaf zilizokwisha kutumika Japani na Uingereza. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na baadaye Kigali. Tena motokaa zile zitumiazo petroli na umeme pamoja, kama Toyota Prius na Toyota Aqua, zimekuwa katika barabara zetu kwa miaka mingi, nazo zina betri hiyo hiyo ndogo. Na kama huna motokaa yoyote, huenda nyumbani una betri ya sola ya volti 12. Ikiwa ni ya risasi na asidi, ujue ni ndugu yake wa tumbo moja, na ajuaye kuitunza moja ajua kuitunza na nyingine.

GHALA NA UFUNGUO WAKE

Betri kubwa ni kama ghala. Katika Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwisho wa mwaka 2010, betri hiyo iliwekwa uniti 24 za umeme, uniti zile zile tununuazo kwa ajili ya nyumba. Nguvu yake ya msukumo ni volti 360 hivi. Katika magari mengine hufika 400, na katika machache ya siku hizi hufika 800. Umeme huo huua mtu. Kwa hiyo watengenezaji wameufungia: gari likizimwa, swichi kubwa zilizo ndani ya betri hufunguka zenyewe na kukata njia, hata usiwepo umeme mkali katika nyaya za gari.

Je, swichi hizo huvutwa na nini gari linapowashwa? Huvutwa na sumaku, na sumaku hiyo hupata umeme wake katika betri ndogo ya volti 12. Ndiyo pia inayoamsha kompyuta za gari, taa, honi, vifuta maji vya kioo, vitasa vya milango na redio. Hata kuchaji kwenyewe kwahitaji betri ndogo, kwa sababu kompyuta isipoamka haiwezi kuufungulia mlango umeme utokao ukutani.

Sasa linganisha. Betri ndogo yenye ampea-saa 45 ina kama nusu uniti tu ya umeme. Ile kubwa ina zaidi ya mara arobaini ya hapo. Lakini ndogo ikiisha, kubwa haina faida. Ni kama nyumba yenye ghala lililojaa mahindi, ufunguo wake umepotea: watoto watalala njaa na chakula kipo.

Betri ndogo nayo hujazwa na nani? Katika motokaa ya petroli hujazwa na alteneta, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la dainamo, ikizungushwa na mkanda wa injini. Motokaa ya umeme haina injini ya kuizungusha. Badala yake ina chombo cha kupunguza umeme, ambacho huchukua volti 360 za betri kubwa na kuzifanya 13 au 14, kisha huilisha betri ndogo. Chombo hicho hufanya kazi gari likiwa limewashwa tayari kwenda, na mara nyingi hata likichajiwa. Gari likizimwa, nacho hulala. Hapo betri ndogo hubaki peke yake, kama mlinzi wa usiku aliyeachwa bila chai.

HABARI ZA ZAMANI KIDOGO

Betri ya risasi na asidi si jambo jipya. Iligunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Miaka arobaini baadaye betri za namna hiyo zilikuwa zikiendesha motokaa. Tarehe 29 Aprili 1899, karibu na mji wa Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha motokaa ya umeme kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 105 kwa saa. Hapakuwa bado na motokaa yoyote iliyopita kilomita 100.

Siku hizo motokaa ya petroli ilikuwa ya taabu. Dereva aliizungusha kwa hendeli, na ikirudi nyuma ghafula iliweza kumvunja mkono. Motokaa ya umeme haikuhitaji hendeli, kwa hiyo wengi waliipenda. Ndipo mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipoanza kuuza motokaa yenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake. Betri moja na mota moja ndogo vilichukua kazi ya hendeli, petroli ikashinda, na motokaa za umeme zikafifia.

Basi betri ya stata ndiyo iliyosaidia kuziondoa motokaa za umeme barabarani, na leo motokaa za umeme zimerudi zikiwa zimeibeba betri ya namna hiyo hiyo, ingawa hazina stata ya kuzungusha! Kuna sababu njema. Taa, honi na vifaa vingi vya magari vimetengenezwa kwa volti 12. Tena gari likigongwa, umeme mkali hukatwa mara moja, lakini taa za hatari zaendelea kuwaka na milango yafunguka. Kampuni nyingine, kama Tesla tangu mwaka 2021, zimeanza kuweka betri ndogo ya lithiamu mahali pa ile ya risasi. Lakini magari mengi yafikayo kwetu yana ile ya risasi, nayo ndiyo tunayoisema hapa.

KWA NINI HUISHIWA

Mtu atauliza: ikiwa betri ndogo haina kazi nzito ya kuzungusha injini, inaishiwaje? Huishiwa kwa kunyonywa kidogo kidogo. Twajua kwamba haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba pia humaliza kibaba. Hebu tufanye hesabu.

Gari lililozimwa halilali kabisa. Kompyuta yake husikiliza kama ufunguo umekaribia, na king'ora cha wezi hukaa macho. Tuseme vyote pamoja vinakula sehemu 50 katika sehemu 1,000 za ampea moja. Kwa siku nzima ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 45 itakuwa imefika nusu katika siku 19 hivi. Mwenye gari akisafiri mwezi mmoja, atakuta betri karibu na mwisho.

Sasa ongeza taa ndogo ya ndani ya wati 5, iliyosahauliwa kwa sababu mlango wa nyuma haukufungwa vizuri. Taa hiyo peke yake hula ampea-saa 10 kwa siku. Nusu ya betri itaisha katika siku mbili na robo. Watoto waliocheza garini Jumamosi wameiacha taa inawaka. Jumatatu au Jumanne mgonjwa ataka kupelekwa hospitali, gari halitoki.

Sababu nyingine ni hizi:

Redio. Magari haya yana hatua mbili za kuwasha. Ya kwanza huamsha redio na taa tu, nayo hula betri ndogo bila kuijaza. Ya pili hulifanya gari kuwa tayari kwenda, na hapo ndipo chombo cha kujazia kinapoamka. Wengi hukaa garini wakisikiliza mpira katika hatua ya kwanza, na dakika tisini zikiisha betri imechoka.

Vifaa vya kuongeza. Kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya kioo cha mbele, king'ora cha pili: kila kimoja kilichofungwa na fundi wa mtaani moja kwa moja kwenye betri hunyonya usiku na mchana.

Simu na ufunguo. Baadhi ya magari huamka kila mwenyewe anapoyauliza kwa simu kama yamejaa. Mengine huamka ufunguo ukitundikwa ukutani karibu na gari lilipoegeshwa.

Kuacha waya umechomekwa. Wengine hudhani kwamba gari likikaa limechomekwa ukutani kwa majuma kadhaa, betri zote mbili zitabaki zimejaa. Si magari yote yako hivyo. Katika mengine, pamoja na Leaf za kwanza, betri kubwa ikijaa kujaza husimama, lakini vyombo vingine hubaki macho na kuila betri ndogo. Kuchaji kukiisha, chomoa.

Joto. Joto ni adui mkubwa wa betri ya risasi. Kadiri joto linavyopanda kwa nyuzi 10, maisha yake hupungua kama nusu. Gari liegeshwalo juani kila siku katika nchi yenye joto halitaiweka betri miaka mingi.

Mwisho, ubovu wa kiwandani. Mwaka 2024 kampuni ya Hyundai iliyarudisha kwa matengenezo magari yake zaidi ya 145,000 nchini Marekani, kwa sababu chombo cha kujazia betri ndogo kiliweza kuharibika. Mtu akiona betri yake mpya inaishiwa kila juma, asinunue ya pili na ya tatu. Na ampelekee fundi wa magari ya umeme apime chombo hicho.

UBAYA WA KUIACHA TUPU

Ndani ya betri mna mabamba ya risasi, na asidi iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, asidi huingia katika mabamba na kufanya chumvi nyeupe, na maji yaliyobaki huzidi kuwa mepesi. Ukiichaji mapema, chumvi huyeyuka na asidi hurudi mahali pake. Ukiichelewesha siku nyingi, chumvi hiyo hukomaa ikawa ngumu kama ukoko wa sufuria, wala haiyeyuki tena. Tangu hapo betri ya ampea-saa 45 hushika 30, kisha 20, na haiponi.

Ndiyo maana betri iliyoishiwa kabisa mara tatu au nne si ile iliyonunuliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni kuchaji mapema, ukuta ni kununua betri nyingine.

Katika motokaa ya petroli dereva huonywa: asubuhi stata hulia kwa uvivu, naye hujua kwamba betri imechoka. Motokaa ya umeme haina stata ya kulia. Betri ndogo yaweza kudhoofika mwaka mzima na gari likawaka kila siku bila shida, hata siku moja likakataa ghafula. Kwa hiyo yatupasa kupima wenyewe.

KUPIMA NI RAHISI

Mita ya umeme, kama zile za mafundi wa redio na sola, si ghali. Acha gari limezimwa kwa saa kadhaa, bora usiku kucha. Gusa kichwa chenye alama ya kujumlisha kwa waya mwekundu wa mita, na kichwa cha kutoa kwa mweusi. Soma hivi:

Volti 12.6 au zaidi: betri imejaa.
Volti 12.4: imebaki robo tatu.
Volti 12.2: imebaki nusu, ichaji leo.
Volti 12.0: imebaki robo, inaumia.
Chini ya 11.8: ni tupu.

Kisha washa gari liwe tayari kwenda, upime tena. Mita ikionyesha kati ya 13 na 14.5, chombo cha kujazia kinafanya kazi. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, betri hailishwi. Usiende safari, mwite fundi. Na ikiwa betri imejazwa vizuri jioni lakini asubuhi imeshuka hadi 12.2, ama kuna kinyonyaji, ama betri imezeeka. Betri nyingi za risasi huishi miaka 3 hadi 5, na penye joto kali mara nyingi hazizidi 3. Ikifika umri huo, weka akiba ya nyingine kabla haijakuaibisha.

Dalili nyingine za kuangalia ni hizi: taa za onyo nyingi kuwaka pamoja bila sababu, saa ya gari kurudi mwanzo, vitasa kufunga kwa uvivu, na gari kukataa kuchaji huku umeme wa nyumbani upo.

NAMNA YA KUITUNZA

1. Endesha gari walau mara moja kwa juma, nusu saa au saa nzima. Kama huna safari, liwashe liwe tayari kwenda kwa muda wa saa moja. Lakini mtu mzima akae ndani, na breki ya mkono ivutwe. Gari hilo halina mngurumo. Mtoto akigusa gia laweza kuondoka kimya kimya.

2. Usidhani kwamba nusu saa yatosha kuiponya betri iliyofika nusu. Betri ya risasi hupokea upesi mwanzoni, lakini robo ya mwisho huingia polepole na kuhitaji saa nyingi. Hiyo yataka chaja ya nyumbani usiku kucha, ile inayojizima au kujipunguza yenyewe betri ikijaa.

3. Ukitaka kusikiliza redio kwa muda mrefu, weka gari katika hali ya tayari, au tumia redio ya nyumbani.

4. Kabla ya kuondoka garini, zunguka mara moja: taa, milango, mlango wa nyuma. Wafundishe na watoto desturi hiyo.

5. Kifaa chochote cha kuongeza kifungwe na fundi ajuaye, mahali ambapo hukatika gari likizimwa. Kama ni lazima kiwe macho usiku, uliza kinakula kiasi gani.

6. Egesha kivulini. Mti wa mwembe ni dawa ya betri isiyonunuliwa.

7. Kama gari litakaa zaidi ya majuma mawili au matatu, paneli ndogo ya sola ya wati 10 pamoja na kidhibiti chake yatosha kulipa deni la kila siku. Jua la saa 5 litaleta ampea-saa 2 hivi, nasi tumeona kwamba gari lililolala hula 1.2. Nissan wenyewe waliweka paneli ndogo namna hiyo nyuma ya paa la baadhi ya Leaf, kwa ajili ya betri ndogo tu.

8. Kama huna paneli, na kitabu cha gari kinaruhusu, fungua waya wa upande wa kutoa. Lakini jihadhari: ujue kwanza ufunguo wa chuma uko wapi na unafungua mlango upi. Katika Toyota Prius nyingi betri ndogo iko nyuma chini ya mizigo, na mlango wa nyuma hufunguliwa kwa umeme. Ukiufunga huku betri haina moto, huwezi kuifikia kwa urahisi. Katika gari hilo pameachwa kichwa cha kuunganishia chini ya boneti, ndani ya sanduku la fyuzi.

9. Vichwa vya betri vikaze, na unga mweupe au wa kijani uoshwe kwa maji ya moto yenye magadi. Kama betri ni ya kuongezwa maji, tia maji ya betri peke yake, si ya kisima wala ya bomba.

GARI LIKISHINDWA KUWAKA

Neno la kwanza: msilisukume. Gari la petroli husukumwa likawaka. La umeme haliwaki hata lisukumwe na kijiji kizima. Tena likikokotwa magurudumu yake ya kuendeshea yakiwa chini, mota huzalisha umeme na kuweza kuharibu vyombo.

Neno la pili: nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na mtu yeyote. Ndizo zipitishazo umeme mkali.

Neno la tatu: yaweza kuamshwa kwa waya kutoka betri nyingine ya volti 12, ya motokaa ya petroli, au hata betri nzuri ya sola. Gari la umeme halihitaji nguvu nyingi kuamka, kwa sababu hakuna injini ya kuzungusha. Lakini usichukue moto kwa lori lenye volti 24. Utaunguza kompyuta zote. Na waya wa kuchajia wa ukutani uwe umechomolewa.

Utaratibu ni huu. Magari yote yazimwe. Waya mwekundu uanze kwenye kichwa cha kujumlisha cha betri iliyokufa, kisha kwenye kujumlisha cha betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye kichwa cha kutoa cha betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha gari lililokufa, mbali na betri. Kwa nini mbali? Betri hutoa gesi inayowaka, na cheche moja yaweza kuipasua na kurusha asidi machoni. Kwa sababu hiyo hiyo usivute sigara wala kuwasha kibiriti karibu yake. Ngoja dakika chache, washa. Likiamka, chombo cha kujazia hushika kazi. Ondoa nyaya kwa kurudi nyuma, wa mwisho kufungwa uwe wa kwanza kuondolewa. Kisha ichaji betri usiku huo huo.

Neno la nne: jirani mwenye gari la petroli akija kuomba moto, mwambie kwa upole kwamba la umeme haliwezi kumsaidia. Stata yake huvuta ampea mia na zaidi kwa mara moja, na chombo cha kupunguza umeme hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Kitabu cha Nissan Leaf chakataza jambo hilo waziwazi.

BETRI ILIYOKUFA NI SUMU

Hapa ndipo tunapotaka akina baba na akina mama wasikie vizuri. Kila betri iliyoachwa kuishiwa hufa mapema, na kila betri iliyokufa ni kilo kadhaa za risasi. Risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa vumbi na moshi, na huharibu ubongo wa mtoto, naye hudhoofika katika masomo na akili. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, mjini Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakivunja betri za magari na kuchekecha udongo wake ili kupata risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18 kwa sumu hiyo. Na huku kwetu, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu risasi mwilini. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, aliona mtoto wake mchanga anaugua, na alipopimwa damu akakutwa na risasi. Hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwa hiyo betri kuukuu isivunjwe uani, isiyeyushwe katika sufuria kwa ajili ya vizito vya nyavu, wala asidi isimwagwe shambani au karibu na kisima. Irudishe nzima dukani unaponunua mpya. Maduka mengi huipokea na kupunguza bei. Watoto wasipewe mabamba yake kuchezea. Asidi ikimrukia mtu, na aoshe mara moja kwa maji mengi safi. Ikiingia jichoni, aoshe bila kuacha kwa dakika 15 au zaidi, kisha akimbizwe hospitali.

NA BETRI YA SOLA JE?

Yote tuliyosema juu ya volti na chumvi ngumu ni kweli pia kwa betri ya risasi ya nyumbani. Nyumba nyingi huua betri ya sola kwa televisheni ya usiku. Taa zikianza kuwa hafifu, betri imekwisha kupita nusu zamani. Ukipima kabla ya kulala, vyote vikiwa vimezimwa, ukaona 12.2, zima mpaka kesho. Siku za masika, jua likiwa haba, punguza matumizi mapema. Usingoje mpaka kidhibiti kikate chenyewe. Nyumba iliyoweka desturi hiyo hununua betri moja wakati jirani akinunua mbili.

Kwa mwenye motokaa, kazi yote hii ni ya dakika tano kwa juma: kutazama milango na taa, kugusa mita, kusoma tarakimu. Andika tarehe uliyonunua betri juu ya kifuniko chake kwa rangi, na tarakimu za kila mwezi katika daftari. Tarakimu zikianza kushuka mwezi kwa mwezi, nunua mapema, katika siku uliyoichagua mwenyewe. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kungoja betri ijazwe.